Altezza imezeeka, moteri gani inafaa kwa barabara ya Lubero?

Butembo, Kivu Kaskazini. Toyota Altezza ikiingia kwenye garaji na moshi wa bluu nyuma, mabishano yanaanza hata kapo haijafunguliwa. Vijana wanasema neno moja tu: toa hiyo, weka 1JZ yenye turbo. Mwenye gari anacheka, fundi anahesabu dola. Habari ya freni hakuna anayeuliza.

Altezza ilitengenezwa toka mwaka 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho sasa ni mzee. Inayopendwa zaidi ina moteri 3S-GE: silinda nne, lita mbili, nguvu za farasi 210, na kichwa chake kilitengenezwa kwa msaada wa Yamaha. Ni moteri nzuri pale esansi ni safi. Inakandamiza hewa na esansi mara 11 hivi kabla ya kuwasha. Ikipewa esansi ya chupa toka kwa kadafi, iliyochanganywa na mafuta ya taa, moto unawaka kabla ya wakati, moteri inagonga, na pistoni zinaliwa. Kisha fundi ndiye anayelaumiwa.

Kubadilisha moteri si kosa. Kosa ni kubadilisha moteri peke yake. 1JZ-GTE ni silinda sita, lita mbili na nusu, bloku ya chuma, farasi 280. Uzito huo wote unakaa mbele, na freni zinabaki zile zile za zamani. Inataka radiatere kubwa, shafti na difransa za kuvumilia, pia kompyuta yake na nyaya zake zote. Lakini moteri inanunuliwa bila nyaya, halafu fundi anakata na kuunga kwa skochi. Mvua moja ya Lubero inatosha kuzima gari.

Hii si habari ya vijana wanaopenda mbio tu. Mwezi wa sita mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, watu walikimbilia Kayna, Kirumba, Lubero, hata Butembo. Wengi walitembea kwa miguu. Siku kama hiyo, aliyepata gari anapanda bila kuuliza ilitengenezwa kwa kazi gani. Gari ya watu watano inabeba tisa, magodoro juu, watoto magotini. Mlima unapanda, na sindano ya joto inapanda nao.

Hapo ndipo inaonekana tabia nyingine ya garaji: kutoa termostati na kujaza maji ya mto. Butembo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi yanachemka kwa digri 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia ndani ya gari ni presha, na presha inashikwa na kifuniko cha radiatere, ambacho raba yake ikikauka hakuna anayeiangalia. Maji ya mto nayo yanaleta kutu ndani ya bloku, kutu inakwenda kuziba radiatere. Mtu anatoa dola nyingi kwa ajili ya turbo, anakataa kununua kifuniko. Mama aliyeshushwa na mizigo katikati ya mlima hawezi kuelewa hesabu hiyo.

Kuna moteri ambayo vijana wanaichekea: 1G-FE, silinda sita, lita mbili. Toyota yenyewe iliiweka ndani ya Altezza, pia ndani ya Mark II na Crown, kwa hiyo inaingia bila kukata mwili wa gari. Haina nguvu za 3S-GE. Lakini kwa gari ambayo kesho itafanya taxi, ndiyo ya kuchagua, na pesa inayobaki iende kwenye freni, mabomba ya maji, na mkanda wa valvu ambao mara nyingi unabadilishwa baada ya kukatika.

Mwenye gari atajibu kwamba pesa ni yake. Ni kweli, kama anaendesha peke yake. Anayebeba watu, gari yake ijaribiwe kwanza: ipakiwe mzigo kamili, ipande mlima, kisha ishuke mteremko kwa freni hizo hizo, fundi akiwa ndani, kabla ya dola ya mwisho kulipwa.