Kutu ya mlango wa gari: linda watoto na vumbi

Mzazi, kama gari lako linalala nje katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kagua milango yake kwa chini. Matundu ya kutolea maji yakizibwa na matope, maji hubaki ndani na bati huanza kuliwa. Hewa ya chumvi huharakisha kutu hiyo. Dalili ya kwanza ni rangi kuvimba kama malengelenge.

Kutu ikiwa bado ya juu juu, unaweza kuiondoa nyumbani. Zibua matundu, osha, kausha, piga msasa hadi bati ling'ae, kisha paka praima mapema na rangi juu yake.

Tatizo ni vumbi la msasa. Rangi ya gari la zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayetambaa hugusa vumbi, kisha hutia vidole mdomoni.

Kwa hiyo fanya kazi hiyo mbali na nyumba, na watoto na mjamzito wasisogee. Vaa barakoa. Lowesha msasa ili vumbi lisiruke. Ukimaliza, usifagie, futa kwa kitambaa chenye maji. Oga, badili nguo, na usizifue pamoja na za mtoto. Ndipo umbebe.

Ukihisi mtoto amekula vumbi hilo, mpeleke kwa daktari na umweleze.