Mikoko ni Yetu, Mkataba Umesomwa na Nani?

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa mabadiliko ya tabianchi, waliolichuma janga wako mbali, na tunaolila ni sisi. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazoongeza joto duniani. Hata hivyo mkulima wa Ganze ndiye anayepanda mahindi yakakauka, na mvuvi wa mtumbwi ndiye anayerudi na samaki wasiotosha hata kitoweo.

Ndiyo maana tunasema haki ya tabianchi. Hili ni deni, na mdai asiyejua anachodai hulipwa kwa maneno matamu.

Nimehudhuria warsha kadhaa za mazingira hapa Pwani. Tumeelezwa kuhusu barafu inayoyeyuka ncha za dunia, tumepewa fulana, tumepanda miche na kupigwa picha. Sikumbuki hata moja ambapo tulisomewa sheria kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu.

Na sheria ipo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa mwaka 2023. Mradi wa hewa ya kaboni unaotumia ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na jamii hiyo itengewe kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Sasa muulize kijana yeyote anayeishi kando ya mikoko: asilimia 40 ya nini? Ya mapato yote, au ya kinachobaki baada ya gharama? Gharama hizo anazihesabu nani? Na mkataba ni wa miaka mingapi? Asiyejua kuuliza maswali haya atatia sahihi, kisha ashangae.

Tunao mfano wa kujivunia. Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wanaendesha Mikoko Pamoja tangu 2013. Wanalinda takriban hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule, na matumizi yake hujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata njia hiyo. Lakini Gazi haikufika hapo kwa siku moja. Watafiti wa bahari walikaa na wanakijiji miaka mingi kabla ya senti ya kwanza kuingia, na watu wakaelewa wanachouza na kwa nini kina thamani.

Lamu nako tulipata somo. Mwaka 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshinda kesi ile walijua kuwa kushirikishwa ni haki yao kikatiba.

Kuna watakaosema mwenye njaa hana haja ya darasa. Nawaelewa, kwani mama anayekata mikoko apate kuni hawezi kusubiri semina. Lakini umaskini wetu hautokani na ukame peke yake. Unatokana pia na fedha zinazopita mlangoni kwetu bila sisi kujua zilikuwa zetu.

Kwa hivyo elimu ishuke kutoka hotelini. Ifike kwenye barza, kwenye mikutano ya BMU, kwenye vyama vya akina mama na baada ya sala ya Ijumaa. Kila mkataba wa kaboni usomwe hadharani kwa Kiswahili, na pale inapohitajika kwa Kigiriama, Kidigo au Kipokomo, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Kamati za tabianchi za wadi zibandike ukutani fedha zilizopokewa na mradi uliofanywa. Na waakilishi wadi wetu waulizwe hayo hivi sasa, wasingojwe hadi msimu wa kura.

Miche tutaendelea kupanda. Ila kabla ya kuinama kwenye matope, tuulize mti huu utamlisha nani.