Mswaki wa Bure Hautoshi

Zamani huko Vietnam meno meusi yalikuwa urembo. Watu waliyapaka kwa makusudi, kwanza utomvu wa wadudu, halafu dawa yenye chuma, siku kadhaa mfululizo mpaka yang'ae. Desturi hiyo ilififia karne iliyopita, na sasa utaiona kwa vikongwe wachache. Weusi unaowapeleka watoto wa leo kwa daktari ni mwingine kabisa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika kati ya 1999 na 2001 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya watoto wa miaka 6 hadi 8 wana meno ya utoto yaliyooza. Wanane katika kila kumi, jamani.

Tafiti za kliniki za meno na lishe kutoka nchi ile ni nzuri kusoma, ila nyingi nilizozisoma zinaniudhi nikifika ukurasa wa mwisho.

Nianze na uzuri wake. Daktari wa meno wa zamani alihesabu matundu, akaandika namba, akaita mgonjwa mwingine. Siku hizi mama anaulizwa pia: mtoto analala na chupa ya maziwa mdomoni? Anakula peremende mara ngapi kwa siku? Usiku analia jino? Kisha mtoto anapimwa urefu na uzito. Mwaka 2019, kwa mfano, Karen Sokal-Gutierrez wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu lishe na afya ya kinywa ya akina mama na watoto wa mijini Vietnam. Kinywa na tumbo vimewekwa kwenye karatasi moja, kama vilivyo mwilini.

Na ndivyo inavyotakiwa, maana uhusiano wenyewe unakwenda pande mbili. Bakteria wa kinywani wanakula sukari na kutoa asidi, asidi inayeyusha enameli. Kinachoumiza zaidi si wingi wa sukari kwa mkupuo mmoja, ni kurudiarudia: kipipi sasa hivi, soda baada ya nusu saa, maziwa matamu usiku kucha. Hilo lilionekana wazi kule Vipeholm, Sweden, miaka ya 1940, ambako wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi zinazonata mpaka meno yao yakaharibika, ili wengine tupate kujua. (Hao hatujawalipa mpaka leo, na sijui tungewalipa nini.) Upande wa pili, mtoto mwenye jino linalouma hatafuni nyama wala mboga, anataka uji na vitu laini, halali vizuri, na anakua kwa shida. Vietnam ina mizigo yote miwili. Takwimu za lishe za 2020 zinaonyesha karibu mtoto mmoja kati ya watano walio chini ya miaka mitano amedumaa, na karibu mmoja kati ya watano wa miaka 5 hadi 19 ana uzito uliozidi. Mwaka 2010 hao wa uzito uliozidi walikuwa asilimia 8.5 tu.

Sasa fungua ukurasa wa mapendekezo. "Elimu itolewe kwa akina mama." Basi. Mtoto kafunguliwa mdomo, kapimwa, kaulizwa, kapewa mswaki wa bure, karudi nyumbani. Yaani baada ya kazi yote ile, mwenye kosa ni mama!

Hivi kweli? Shirika la Afya Duniani linasema Mvietnam alikunywa wastani wa lita 18.5 za vinywaji vyenye sukari mwaka 2009, na lita 66.5 mwaka 2023. Akina mama wa nchi nzima hawakusahau ghafla kulea ndani ya miaka 14. Kilichobadilika ni duka la mtaani, tangazo, pesa mfukoni. Mwaka 1990 jiji la Ho Chi Minh lilianza kutia floridi kwenye maji ya bomba, na wala halikumsubiri mama ahudhurie semina.

Ndiyo maana ninaona habari kubwa ya afya ya meno Vietnam imetoka bungeni. Juni 2025 Bunge la Taifa lilipitisha ushuru kwa vinywaji vyenye sukari inayozidi gramu 5 kwa mililita 100: asilimia 8 kuanzia 2027, asilimia 10 kuanzia 2028. Nimefurahi nusu. Shirika la Afya Duniani linataka bei ya dukani ipande walau asilimia 20, na ushuru huu unatozwa kwenye bei ya kiwandani, kwa hiyo mnunuzi ataonja ongezeko dogo kuliko hilo. Halafu maziwa yameachwa nje. Kwa mtoto wa miaka miwili anayelala na chupa ya maziwa matamu, sheria hii haijasema kitu. Wenye viwanda wanalalamika kuhusu ajira, na hoja yao si ya kupuuzwa, ila jino la mtoto halina chama cha kulisemea.

Hapa ndipo watafiti wa kliniki wana kazi ambayo semina haiwezi kuifanya. Tafiti nyingi hizi zinampima mtoto mara moja, kwa hiyo hazisemi kama ni maumivu ya jino yaliyomkondesha au ni chakula kibovu kilicholeta yote mawili. Ushuru una tarehe, na tarehe ni zawadi kwa mtafiti. Wapimwe watoto kabla ya Januari 2027, meno na uzito, na soda na maziwa matamu yaandikwe kila kimoja safu yake, kisha watoto walewale warudiwe miaka mitatu mfululizo. Ikionekana soda imepungua na chupa ya usiku iko palepale, bunge litakuwa na la kujibu. Na wewe unayeandika utafiti wako wa mwaka wa mwisho usiku huu, ukifika kwenye mapendekezo, kabla hujaandika "elimu kwa akina mama", tafuta kwanza bei ya soda.