Mguu wa Mchezaji ni Amana

Tarehe 13 Januari, 2025, Uwanja wa Gombani, Chake Chake, ulifurika wananchi waliotoka kila pembe ya kisiwa hiki, tangu Konde hadi Mkoani, kuishuhudia timu ya Zanzibar ikiifunga Burkina Faso mabao 2-1 na kulitwaa Kombe la Mapinduzi. Furaha ya siku ile ilikuwa halali yetu. Pemba iliwapokea wageni kwa heshima, ikawashangilia vijana wake kwa adabu, na usiku ule watu walirejea majumbani wakiwa na la kuwasimulia watoto.

Lakini timu ya taifa ni tunda, na kila tunda lina mti wake. Mti huo ni vilabu vyetu vya wilaya, vilabu vya Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni, ambavyo ndivyo vinavyowalea wachezaji kabla majina yao hayajatangazwa redioni. Anayetaka kuvuna tena hana budi kuutazama mti huo shina lake. Nasi tukiutazama, tunaona dosari moja ambayo haifai kuendelea kunyamaziwa. Dosari hiyo ni namna tunavyowatendea wachezaji walioumia, khasa washambuliaji, na namna tunavyoamua nani aingie uwanjani na nani apumzishwe.

Tumewataja washambuliaji kwa sababu kazi yao ndiyo inayoula mwili upesi. Mchezaji wa safu ya mbele hukimbia kwa kasi, husimama ghafla, hugeuka na mguu mmoja ungali umekanyaga, na hupokea mateke ya walinzi ambao wametumwa wamzuie kwa kila njia. Misuli ya nyuma ya paja hukatika aghalabu katika mbio za namna hiyo. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa katika vilabu vikubwa vya Ulaya chini ya UEFA umeonyesha kwamba msimu wa 2001/02 maumivu ya msuli huo yalikuwa asilimia 12 ya maumivu yote ya wachezaji. Kufikia msimu wa 2021/22 yalikuwa asilimia 24. Hao ni watu wenye madaktari wao, nyasi zao na chakula cha kupimiwa. Itakuwaje kwa kijana anayecheza jioni baada ya kushinda baharini au shambani?

Sasa tutazame yanayotokea. Kijana anaumia paja katika mchezo wa leo. Anachuliwa kwa mafuta, anafungwa kitambaa, anaambiwa avumilie. Baada ya siku nne kuna mchezo mwingine. Kamati inakutana, na katika kikao hicho ana sauti katibu, ana sauti mfadhili aliyetoa fedha za jezi, wana sauti hata wapenzi waliosimama dirishani. Asiyekuwa na sauti ni mtu wa afya, kwa kuwa hakualikwa. Kijana anaulizwa mbele ya wote kama ataweza kucheza. Naye atajibu nini? Akisema hawezi, ataitwa mwoga, na pengine jina lake halitaonekana tena katika orodha. Akisema ataweza, ataingia na mguu mbovu, na kilichokuwa jeraha la wiki tatu kitakuwa jeraha la miezi sita.

Wapo watakaotujibu kwamba mchezaji mwenyewe ndiye aliyetaka. Jibu hilo halitoshi. Hiari iliyotolewa na mtu anayechelea kupoteza nafasi yake si hiari iliyo kamili. Isitoshe, waganga wa michezo wanakubaliana kwamba jeraha lililotangulia ndilo mlango mkubwa wa jeraha linalofuata. Kwa hiyo kumrejesha mchezaji kabla hajapona ni kuipokonya timu mtu wake kwa muda mrefu zaidi, kwa tamaa ya dakika tisini.

Wapo pia watakaosema kuwa timu isiyokuwa na mshambuliaji wake mashuhuri imekwisha kufungwa kabla ya kuingia uwanjani. Hayo nayo yamekanushwa mbele ya macho yetu. Mwezi Aprili, 2023, klabu ya Simba ilimkosa mlinda mlango wake Aishi Manula kwa sababu ya maumivu. Nafasi akapewa kijana Ally Salim, ambaye wengi hawakuwa wakimtazamia. Kijana huyo akasimama langoni Simba ilipoifunga Yanga 2-0, akasimama tena dhidi ya Wydad ya Morocco katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ambako Simba ilitolewa kwa mikwaju ya penalti tu. Mwezi Agosti mwaka ule ule, katika mchezo wa Ngao ya Jamii huko Tanga, aliokoa penalti tatu na kombe likaenda kwa Simba. Mwaka uliofuata, Yanga iliikabili Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini katika robo fainali kama hiyo, huku kiungo wake mshambuliaji Pacôme Zouzoua akiwa ameumia kabla ya mchezo wa kwanza. Timu ile haikuporomoka. Ilitoka sare ya 0-0 nyumbani na ugenini, nayo ikatolewa kwa penalti.

Mifano hiyo inatufundisha kwamba mchezaji wa akiba si pambo la benchi. Ni mtu anayepaswa kufundishwa kwa bidii ile ile anayofundishwa wa kwanza. Klabu inayomtegemea mshambuliaji mmoja mwaka mzima imejijengea nyumba ya nguzo moja. Nguzo ikiliwa na mchwa, hakuna wa kulaumiwa ila mjenzi. Sheria za kandanda zenyewe zimekwisha kupanuliwa: tangu mwaka 2022 ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano katika mashindano ya ngazi ya juu imekuwa ya kudumu, na tangu Julai, 2024, sheria hizo zinaruhusu mashindano kuongeza badiliko la ziada kwa mchezaji aliyepigwa kichwani na kutikisika ubongo. Ruhusa hizo zimewekwa kwa ajili ya kuhifadhi miili. Si uungwana kuzitumia kwa kupoteza muda tu, huku aliyeumia akiachwa akichechemea.

Jeraha linaloogopwa kuliko yote ni la goti. Ndani ya goti mna kano ngumu inayoufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ikikatika, goti hupoteza uthabiti wake, na mara nyingi hukatika bila ya mchezaji kuguswa na mtu, bali kwa kugeuka vibaya tu. Baada ya upasuaji, madaktari hushauri mchezaji asirudi mchezoni kabla ya miezi tisa, na arudi kwa kupimwa nguvu ya mguu wake, siyo kwa kuhesabiwa siku. Kisiwa chetu kinayo Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, kwa upasuaji mzito wa goti huenda kijana akalazimika kuvuka bahari hadi Unguja, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Nauli, malazi, dawa na mazoezi ya kulinyoosha goti huangukia familia yake. Na wakati huo klabu imekwisha kumsajili mwingine.

Wakubwa wa michezo wasisahau kijana huyo ni nani. Kwa wengi wa wachezaji wetu, mpira hauwalishi. Mguu ule ule unaopiga mpira ndio unaokanyaga tawi la mkarafuu msimu wa vuno, ndio unaojikita katika ngalawa, ndio unaotembea hadi skuli kufundisha. Mguu ukiharibika, huharibika vyote kwa pamoja. Sisi watu wa Pemba tunaijua hatari ya kuanguka mkarafuuni, na tunajua pia kwamba Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka wakiwa kazini. Fikira iliyo nyuma ya fidia hiyo ni njema na ni rahisi kueleweka: aliyeumia akiwaletea wengine faida asiachwe peke yake. Mchezaji anayeujaza uwanja, na ambaye kwa ajili yake viingilio hulipwa, ana haki ya kufikiriwa kwa fikira hiyo hiyo.

Tunafahamu kwamba vilabu vyetu ni masikini. Hatuviombi vijenge hospitali. Yapo mambo yasiyotaka fedha, na mengine yanayotaka fedha kidogo na nidhamu nyingi. Mwaka 2008 ulitangazwa uchunguzi uliofanyika Norway kwa wasichana wachezaji 1,892 wa vilabu 125. Baadhi yao walipewa mpango wa mazoezi ya kupasha mwili moto kabla ya kucheza, wa dakika kama ishirini: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha mapaja na kiuno, na kuruka na kutua kwa namna iliyo sahihi. Waliofuata mpango huo walipunguza maumivu kwa kiasi cha theluthi moja, na maumivu makubwa kwa karibu nusu. Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji mwalimu anayejua, na wachezaji wanaofika uwanjani kwa wakati.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika, kila mmoja kwa nafasi yake.

Kwanza, kamati za vilabu ziache uamuzi wa afya kwa watu wa afya. Mchezaji aliyeumia asirejeshwe katika orodha ya mchezo mpaka daktari au tabibu wa kituo cha afya kilicho karibu aandike kwamba amepona. Mwalimu wa timu achague miongoni mwa walio wazima, na hapo asiingiliwe na yeyote, awe mfadhili au mpenzi wa timu.

Pili, mchezaji aliyeumia akiitumikia klabu asifutwe katika usajili kwa sababu ya kuumia. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinakataza uhalali wa mkataba kutegemezwa vipimo vya afya. Maana yake ni kwamba klabu impime mchezaji kabla ya kumtia saini, na ikishamtia saini imbebe kwa raha na kwa tabu.

Tatu, Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar lisiruhusu mchezo wa ligi kuanza pasipo mtu wa huduma ya kwanza, machela, na chombo cha kumfikisha majeruhi hospitali. Waamuzi nao wawalinde washambuliaji kwa kadi, kwani rafu isiyoadhibiwa leo ni goti lililovunjika kesho.

Nne, Serikali, vilabu na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, wakae pamoja watafute njia ya kuwaingiza wachezaji katika huduma za mfuko huo, na sehemu ya viingilio vya milangoni itengwe kwa kazi hiyo. FIFA inao mpango wake wa kuvifidia vilabu ambavyo wachezaji wao huumia wakizitumikia timu za taifa katika tarehe za kalenda yake, lakini Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na mpango huo haukuwekwa kwa ajili ya ligi za ndani. Hatuna sababu ya kukaa tukingojea mlango ambao haukufunguliwa kwetu. Akiba haiozi, na ya kwetu tuianze wenyewe.

Kwa wapenzi wa mpira tunalo neno moja. Sauti zenu zina nguvu kuliko mnavyodhani. Kelele za kumtaka mshambuliaji fulani aingie, hali mnamwona akichechemea pembeni, ni mzigo anaotwishwa mwalimu na mchezaji pia. Mpenzi wa kweli humshangilia mchezaji anapofunga, na humwachia nafasi ya kupona anapoumia.

Wazazi wa kisiwa hiki huwatoa watoto wao kwenda kucheza kwa kuwaamini viongozi wa vilabu. Mguu wa kijana ni amana waliyokabidhiwa viongozi hao, na mwenye kukabidhiwa amana hana ruhusa ya kuitumia mpaka ikaisha. Msimu ujao utaanza kwa usajili, kama ilivyo ada. Tunataka kila kamati, kabla ya kuandika majina mapya, iyasome majina ya mwaka uliopita, na iende ikawaangalie wale walioumia wakiwa wamevaa jezi yake.