Asilimia Tatu na Nusu



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya kazi niliyojifunza wakati wa likizo ya Juni. Wenzangu wengi hudhani kujifunza kazi katika ofisi ya fedha ni kukalia kiti kinachozunguka na kuhesabu noti. La, hasha! Wiki ya kwanza nilipanga majalada, nikapiga mihuri, nikatumwa chai mara nne kwa siku. Sinung'uniki, chai ya Kariakoo ni njema.

Ofisi yenyewe ni ndogo, iko ghorofani karibu na Mtaa wa Msimbazi, na kazi yake ni kukopesha wafanya biashara wadogo. Kwa joto madirisha hayafungwi, basi kelele za wamachinga na mikokoteni huingia mpaka ndani ya daftari. Wiki ya pili nikapewa kuandika majina ya wakopaji na marejesho yao.

Siku moja akaja mama muuza dagaa. Alitaka shilingi 300,000, azirudishe kwa miezi sita, na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiisikia ni kidogo. Tena ndicho kikomo ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa namna hii, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe msomi, hiyo ni shilingi ngapi?"

Nilinyamaza. Hesabu za riba nazijua tangu Kidato cha Pili, na maksi nilipata. Lakini nilizijifunza kwa Kiingereza, na sikupata hata siku moja kumweleza mtu mzima kwa Kiswahili. Nikasema, "Si nyingi, Mama." Akatia dole gumba.

Usiku nikachukua kalamu. Ofisi ilitoza riba juu ya zile 300,000 zote kila mwezi, yaani shilingi 10,500, na kwa miezi sita ni 63,000. Lakini mama yule arudisha 50,000 za mkopo kila mwezi! Mwezi wa sita atakuwa na 50,000 tu za watu, na bado atalipa riba ya 300,000. Kama riba ingefuata deni lililobaki, angelipa 36,750. Tofauti ni 26,250. Ukipima kwa deni alilo nalo kweli, riba yake si asilimia 3.5 bali 6. Wasomaji wasioamini na wapige hesabu wenyewe.

Kesho yake nilimwuliza mkuu wa ofisi. Hakukasirika. Alinionyesha mkataba, na kweli namna ya kutoza imeandikwa, ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo.

Twawajua sote wakopeshaji wa "kausha damu", wanaobeba magodoro na televisheni za watu, na magazeti huwapigia kelele kwa haki. Lakini mimi naona mtu aweza kuumia hata kwa mkataba uliofuata kikomo, kwa kuwa hapana mtu karibu naye wa kumsomea hesabu kwa sauti. Nasi wanafunzi tupo, na twajua!

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Hesabu, hata kipindi kimoja kwa wiki, watupe mikopo ya Kariakoo badala ya ile ya vitabuni, na majibu tuyaseme kwa Kiswahili mbele ya darasa. Nanyi wazazi, leteni karatasi nyumbani kabla ya kutia sahihi. Najua wengine watasema haifai mtoto kujua madeni ya mzazi. Haya, lakini siku godoro linapotolewa nje, mtoto hujua.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda mezani kwa yule mama, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: 60,500 kila mwezi, jumla 363,000. Nikamweleza pole pole, na zile 26,250 pia. Akaitazama karatasi kitambo.

"Ungeniambia siku ile, mwanangu," akasema.

Kisha akanipimia dagaa nimpelekee mama yangu, na pesa akakataa.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu