Raha ndogo ndogo si dhambi baada ya mwaka wa msiba

WAHENGA walisema baada ya dhiki faraja. Maneno hayo husemwa sana matangani, lakini wengi wetu hudhani kwamba faraja ni lazima ije kwa kishindo: kazi mpya, deni kufutwa, au aliyetukosea kuja kutuomba radhi. Mara nyingi haiji hivyo. Huanza na mambo madogo ambayo mtu asiye makini hatayatambua. Chai ya asubuhi hurudi kuwa tamu. Usiku mmoja hupita bila mtu kushtuka usingizini. Mtoto husimulia vituko vya shuleni, na mzazi hujikuta anacheka.

Maoni yangu kama daktari ni kwamba raha hizi si za kupuuzwa. Ni dalili kwamba mtu anapona, na pia ni sehemu ya dawa yenyewe. Anayezipokea kwa shukrani hawasaliti waliokufa, wala hajasahau yaliyompata.

Chukua mfano wa Sotik, mji wa majani chai na maziwa kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisii. Mwaka wa 2008 ulianza vibaya huko. Matokeo ya uchaguzi wa urais yaliyotangazwa Desemba 30, 2007 yalizua ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini. Kwenye mpaka wa Sotik na Borabu, majirani Wakipsigis na Wakisii waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi waligeukiana. Nyumba ziliteketezwa na familia zikatoroka.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28. Kabla watu hawajavuta pumzi, mnamo Juni 10 ndege ndogo ilianguka Narok na kumuua mbunge wa Sotik, Bi Lorna Laboso, pamoja na mbunge wa Bomet, Bw Kipkalya Kones, aliyekuwa Waziri wa Barabara. Walikuwa safarini kwenda Kericho. Katika muda wa miezi sita, eneo moja lilikuwa limelia mara mbili.

Watu wa mahali kama hapo huinukaje? Misaada ina nafasi yake, na maombi pia. Lakini kuna jambo jingine ambalo halitangazwi redioni. Majani chai hayangoji matanga. Mkulima asipochuma kila baada ya wiki moja au mbili, majani hukomaa na kuwa magumu. Ng'ombe naye hukamwa asubuhi na jioni, awe mwenyewe analia au anacheka. Kwa hivyo mtu huamka hata kama hana moyo. Huchuma majani mawili na kichipukizi chake, hupeleka mzigo kituoni ukapimwe, na akiwa kwenye foleni hupiga gumzo na mwenzake. Siku moja gumzo hilo humchekesha. Hakupanga kucheka, lakini amecheka. Mpakani nako, biashara ya maziwa na ndizi ilirejea pole pole, na salamu zikarejea nayo.

Udaktari unaafikiana na maisha hayo ya shambani. Kuna njia ya kutibu huzuni nzito bila tembe, ambapo mgonjwa hupangiwa shughuli ndogo za kila siku hata kabla hajahisi hamu ya kuzifanya: kuoga, kutembea, kumtembelea rafiki, kupika chakula alichokipenda. Wengi wetu hungoja hamu irudi ndipo tutende. Matibabu haya hufuata mkondo wa kinyume: mtu hutenda kwanza, na hamu huja nyuma ya kitendo.

Kushukuru nako kumechunguzwa. Mwaka wa 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha uchunguzi ambapo baadhi ya watu waliombwa waandike kila wiki hadi mambo matano ya kushukuru, na wengine waandike yaliyowaudhi. Walioandika ya shukrani waliyaona maisha yao kuwa bora kuliko wenzao. Kundi jingine lilikuwa la wagonjwa wa misuli na neva. Walioandika mambo ya kushukuru kila siku walisema hata usingizi wao uliongezeka. Sisemi kwamba daftari na kalamu huponya maradhi. Nasema tu kwamba macho yaliyozoea kutafuta mabaya yanaweza kufunzwa kuona na mazuri.

Hata hivyo, kuna makosa mawili ambayo ni lazima tujihadhari nayo.

La kwanza ni kuona haya kufurahi. Mjane hukataa kuvaa rangi aipendayo miaka miwili baada ya mazishi, kwa kuogopa watu watasema nini. Baba aliyefutwa kazi hujinyima hata kwenda kutazama mpira na marafiki, kana kwamba kununa kutamrudishia mshahara. Maombolezo ya kawaida huja kama mawimbi. Leo unalia, kesho unacheka, kesho kutwa wimbo mmoja unakurudisha kwenye kilio. Kicheko cha katikati hakimaanishi kwamba ulimpenda marehemu kidogo. Humpa mwili nafasi ya kupumzika.

Kosa la pili ni kuwalazimisha wengine kushukuru. "Shukuru Mungu, wengine wana shida kuliko wewe." Maneno haya husemwa kwa nia njema, lakini mara nyingi humfunga mdomo mwenye uchungu. Huyo hakuja kushindana kwa shida. Alitaka kusikilizwa. Shukrani ni ya mwenyewe, na huja wakati wake. Jirani akikwambia amepoteza mtoto, mpe pole, keti naye, mchotee maji. Usimhubirie.

Kisha kuna wale ambao raha hairudi kabisa. Hili lazima nilieleze wazi. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na huzuni au akiwa hapati ladha ya chochote alichokuwa akikipenda, huenda ana ugonjwa uitwao sonona. Mara nyingi pia hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, hukonda, huchoka bila kazi, hujilaumu kwa kila jambo. Kumwambia mtu huyo ahesabu baraka zake ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka. Anahitaji kutibiwa, na matibabu yapo: ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Hofu ya polisi isimzuie mtu, kwani Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba.

Msomaji wa mjini atasema hana ng'ombe wa kumwamsha wala shamba la chai. Ni kweli, lakini ana yake. Amka saa ile ile kila siku, hata kama huna kazi ya kwenda. Tembea nusu saa, kwa miguu yako, bila haraka. Msalimie mlinzi wa lango na mama muuza mboga kwa jina. Kula na watu wa nyumbani televisheni ikiwa imezimwa. Jioni, kabla ya kulala, taja jambo moja la siku hiyo lililokupendeza, hata likiwa dogo kiasi cha kupata kiti kwenye matatu.

Jihadhari na raha za kukopa. Pombe hutuliza moyo kwa saa chache, kisha huiba usingizi na kuiongeza huzuni ya asubuhi. Aliyetoka katika mwaka mgumu yuko karibu na chupa kuliko anavyodhani.

Na chai, je? Inywe, lakini usiinywe ikiwa moto wa kuunguza. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula. Maradhi hayo yanajulikana sana katika hospitali za Bomet. Basi iache ipoe kidogo. Dakika hizo chache za kungoja zitumie kuzungumza na aliye karibu nawe.

Wakipsigis wana neno moja la kushukuru, kongoi. Humwambia aliyewakopesha pesa za karo, na humwambia pia aliyewapa kikombe cha chai. Kama mwaka uliopita ulikuumiza, hulazimiki kuushukuru. Lakini leo ukipata jambo dogo la kukufurahisha, lipokee bila kuona haya. Na usipolipata wiki baada ya wiki, usijilaumu. Njoo hospitali tusaidiane.