Mgonjwa wa Figo Alikunywa Chai na Nini?

Orodha za vyakula wanazopewa wagonjwa wa figo aghalabu hutahadharisha juu ya ndizi, machungwa na parachichi. Tahadhari hiyo ni sahihi. Lakini huko Mwamanyili, mkoani Simiyu, asubuhi watu hula viazi vitamu vya kuchemsha, na msimu wake ukipita hula michembe au matobolwa, pamoja na karanga, uji au chai ya maziwa. Mgonjwa asiyeona chakula chake katika orodha hujihesabu yu salama.

Hapo ndipo penye hatari. Viazi vitamu vina potasiamu nyingi. Vikikaushwa, maji huondoka na potasiamu hubaki, hivyo kilo ya michembe huwa na potasiamu nyingi kuliko kilo ya viazi vibichi. Figo dhaifu hushindwa kuitoa, nayo ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha, pengine bila dalili yoyote ya kutangulia.

Hata hivyo, siafiki kumwambia mgonjwa "acha viazi" kisha kumwacha aende zake. Si kila mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye potasiamu yake imepanda, na anayekatazwa bila kupimwa huweza kudhoofu bure. Anayetumia insulini yumo hatarini zaidi akishinda njaa, kwani figo zilizochoka huchelewa kuiondoa insulini mwilini, na sukari huweza kushuka mno.

Kwa maoni yangu, mhudumu wa afya aanze kwa kuuliza: "Baba, leo ulikunywa chai na nini?" Kisha potasiamu ipimwe sambamba na kreatinini. Ikiwa imepanda, michembe, matobolwa na karanga viwekwe kando hadi vipimo vitengemae. Viazi vibichi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Njia hii hupunguza potasiamu bila kuimaliza, kwa hiyo vipande viwe vichache. Viazi vya kuchomwa havipati nafuu hiyo. Uji wa sembe au wa mchele, usiotiwa karanga wala maziwa mengi, ni mbadala mwema. Chumvi iwe kidogo, na ikumbukwe kuwa magadi nayo yana sodiamu. Chumvi mbadala zenye potasiamu ziepukwe kabisa.

Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji protini zaidi kuliko ambaye hajafikia hatua hiyo, hivyo yai la asubuhi laweza kumfaa. Kwa sababu hiyo, ushauri wa jirani usichukuliwe kuwa wako.

Nawe mgonjwa, usione haya kutaja michembe mbele ya daktari. Asiyejua unachokula hawezi kukulinda nacho.